Sababu ya Siku Tisa

Hilkka Tanskanen hakuwa mtu wa maneno mengi, na huko Kuhasalmi, nchini Finlandi, hilo si kosa. Wenyeji wanaweza kukaa meza moja nusu saa, kahawa ikanywewa hadi birika likakauka, wasiseme zaidi ya habari ya theluji, na kila mmoja akarudi kwake akiamini wamezungumza vya kutosha. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa karani wa vipimo katika ofisi ya barabara. Alipostaafu walimpa ua ndani ya chungu na kumwimbia, naye akasema ahsante mara mbili.

Huyo ndiye Hilkka waliyemjua majirani. Wengi hawakujua kwamba katika nchi saba kulikuwa na watu wasiothubutu kupitisha gari juu ya ziwa lililoganda mpaka programu ya Hilkka iseme ndiyo.

Ilianza na gari la posta. Toka Kuhasalmi hadi kisiwa cha Kuikkasaari ni kilomita nne za maji, na kila mwaka barafu ikishakuwa nene ofisi hufungua barabara juu ya ziwa, hupanda vijiti vya misonobari pande zote mbili, na watu huacha kuzunguka kwa daraja la mbali. Mwaka ule hesabu ilisema barafu inatosha. Keekee ya kutobolea barafu nayo ilisema inatosha. Aune, mama wa posta, akaingia na gari lake asubuhi kweupe, na katikati ya safari gari likazama hadi milangoni. Aune alitokea dirishani na mfuko wake wa barua, akatembea kurudi nchi kavu amelowa, na wiki iliyofuata akapeleka zile barua zikiwa zimekauka zimejikunja. Hakufa mtu. Ofisi ikasema ni bahati mbaya, ikafunga faili.

Hilkka hakuamini bahati mbaya. Kwa mtu wa vipimo, bahati mbaya ni jina la kitu ambacho hakuna aliyejisumbua kukipima. Majira mawili ya baridi yaliyofuata alitoka kila asubuhi na mumewe Taisto, wakatoboa barafu mahali pamoja kila siku, naye akaandika madaftarini: unene, theluji, baridi, rangi ya barafu. Taisto alikuwa fundi wa mashine za msituni, mtu wa mabega, na kazi ya keekee ilikuwa yake. Alinung'unika miaka miwili mfululizo na hakukosa hata siku moja.

Kutoka kwenye madaftari hayo Hilkka akaandika programu. Akaiita Railo, jina ambalo watu wa huko huupa ufa mrefu wa barafu. Kisha akafanya jambo ambalo Taisto alilishangaa: akaitoa bure, na si matumizi tu, bali na matumbo yake yote, kila mstari, ili atakaye aichukue, aifungue, aone ilivyofanywa, aibadilishe, na akipata njia bora airudishe kwa wenzake. Ndivyo wafanyavyo watu wa programu huria. Elimu kwao ni kama sufuria la shughuli, haliwi la mtu mmoja hata kama alilinunua yeye.

Watu hao wana baraza lao. Si la mawe wala la mkeka; ni la barua pepe, na barua moja ikitumwa huko inawafikia wote na inawekwa milele. Sheria yao kubwa ni moja: uliza mbele ya watu, ujibiwe mbele ya watu, ili anayekuja baada yako akute jibu limekaa linamngoja. Sheria nzuri. Lakini wenye sheria nzuri nao huwa na ndimi, na Hilkka alionja ndimi zao mapema. Mwaka wake wa kwanza katika mambo hayo, kabla ya Railo, aliuliza swali katika baraza la programu nyingine. Bwana mmoja akamjibu mbele ya watu mia nne kwamba kabla ya kupotezea wenzake muda angejifunza kusoma. Hilkka alizima kompyuta, akaenda kupasua kuni mpaka rundo likamzidi kimo.

Kwa hiyo alipofungua baraza la Railo, aliandika chini yake: Mwenye swali, hata dogo, aniandikie mimi mwenyewe. Nao wakamwandikia. Mwalimu wa kisiwa kimoja cha Estonia, mchungaji wa kulungu wa Norwe, mama mmoja wa Uswidi aliyetunza barabara ya barafu kwenda visiwani, wote walipata barua ndefu, za upole, zenye michoro. Hakuna aliyewahi kuaibishwa na Hilkka. Mimi simlaumu, na wengi waliomfahamu hawamlaumu. Ila wema ule ulikuwa na kasoro ambayo ilichukua miaka ishirini kuonekana: baraza lilikaa tupu. Kila mtu alijua kipande chake, na aliyejua vyote alikuwa mmoja.

Huyo mmoja akaanza kusahau.

Kwanza yalikuwa madogo ya kuchekesha, miwani ndani ya friji na kadhalika. Halafu siku moja akasimama mbele ya duka alilolijua tangu utotoni, asijue nyumbani ni upande upi. Daktari wa mjini Joensuu alimwambia achore saa ya ukutani inayoonyesha saa nne na dakika kumi. Hilkka, aliyechora mistari maisha yake yote, alichora duara safi kama sarafu na akashindwa kuweka mishale. Njiani kurudi alimkanya Taisto asimwambie mtu. Taisto akaapa. Hilkka alikuwa na umri wa miaka sitini na nne, na kilichomuuma zaidi si kufa bali kuonekana.

Akatafuta wa kumkabidhi Railo bila kusema kwa nini. Aliyejitokeza ni Wiebren Hoekstra, mwalimu wa hesabu kutoka Frisia, pale Uholanzi ambako watu huota mchana kwa macho kuhusu kuteleza juu ya mifereji iliyoganda, na barafu huwajia mara moja katika miaka kumi. Wiebren alikuwa hodari na mdomo wake haukuwa na breki. Alipitia programu yote kuanzia juu, akifagia, akiuliza, kila swali akimtumia Hilkka faraghani kama alivyozoea kila mtu. Mengine Hilkka aliyajibu. Mengine Taisto alimwona akikodolea macho kioo muda mrefu, kisha akiandika "acha kama kilivyo".

Mwezi wa kumi, Wiebren akafika kwenye mstari wa siku tisa.

Ulikuwa mstari mfupi. Ulisema hivi: ikiwa theluji nzito imeanguka juu ya barafu isiyofika sentimita ishirini, hesabu yo yote isemavyo, subiri siku tisa. Hapakuwa na maelezo. Katika kumbukumbu za mabadiliko, pembeni ya tarehe ya zamani, Hilkka alikuwa ameandika tu: "Sababu iko kwenye barua." Wiebren akauliza barua ipi. Frisia theluji ya aina hiyo haianguki, kwa hiyo kwake mstari ule haukuwahi kufanya kazi hata siku moja. Na watu wa vijiji viwili vya Uswidi walikuwa wamelalamika kwamba unawachelewesha kufungua barabara, sita zingetosha. Toleo jipya lilikuwa litoke kabla maziwa hayajaganda. Asipopata sababu, aliandika, angeufuta.

Hilkka alisoma barua ile jikoni, andazi la iliki mkononi, na mkono ukashuka polepole hadi mezani. Alijua mstari ule una uzito. Alijua kama mtu anavyojua kwamba mlango fulani haufunguliwi, bila kukumbuka kuna nini nyuma yake. Lakini sababu ilikuwa haipo. Alipoitafuta, palikuwa peupe tu.

Akamuuliza Taisto madaftari yako wapi.

Taisto aliangalia jiko la kuni. Madaftari walikuwa wameyachoma miaka sita nyuma, walipohama nyumba kubwa. Waliwashia moto wa sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, Jumamosi tatu mfululizo, kama kila mtu awashavyo kwa karatasi zake za zamani, na Hilkka mwenyewe ndiye aliyeyabeba akisema yote yamo kwenye programu. Na sanduku la barua pepe? Kampuni iliyolitunza ilifunga masanduku ya bure. Ilionya mara tatu, na mara zote tatu Hilkka alisema barua zilizokwisha kujibiwa ni za nini. Hilo ndilo kosa la watu wa aina yake. Wanaamini kwamba ukishaandika cha kufanya, umeandika kila kitu. Tisa ilikuwepo. Kwa nini tisa, ilikwenda na moshi.

"Wewe ulikuwepo," Hilkka alimwambia. "Ulitoboa wewe."

"Nilitoboa, ndiyo. Wewe ukasema toboa, nikatoboa. Nilichoshika mimi ni baridi ya vidole tu."

Siku mbili baadaye alimpigia Wiebren. Katika miaka kumi na mmoja ya kuandikiana hawakuwahi kusikiana sauti. Hilkka alikuwa ameamua kutumia cheo, jambo ambalo hakulifanya maisha yake yote. Akamwambia mstari ule usiguswe, yeye ndiye mwenye programu na amesema.

Sauti nzito upande wa pili ikasema, "Sikiliza, dada Hilkka. Ukiniambia niuache, nauacha, nakuheshimu. Lakini mimi nami nitachoka, nitampa mwingine. Yule ataniuliza kwa nini tisa. Nimwambie nini? Kwamba kuna mama huko Finlandi alikataza?"

"Mwambie ni muhimu."

"Kila mtu husema mstari wake ni muhimu. Ataufuta kabla hajamaliza chai yake, na mimi sitakuwa na la kumzuia." Akapumua. "Unaijua sababu au huijui?"

Hilkka alikata simu. Hakukasirika, aliogopa. Yule bwana alikuwa amesema kweli tupu, na kweli hiyo ilimweka mahali pabaya. Akinyamaza, mstari utafutwa, mwaka huu au mwaka ujao, na pahali fulani gari litaingia juu ya barafu ambayo keekee imeisifu. Akiuliza barazani, ataulizia kitu alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna atakayehitaji kuambiwa zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wahenga hawakusema kwamba kifo hicho huenda kikawa cha mtu mwingine, dereva wa posta asiyemjua, katika ziwa asilolijua.

Alimwambia Taisto hayo wakiwa wanachambua uyoga, wa kula na wa kutupa.

"Wataniona nimekwisha," alisema.

Taisto hakuinua macho. "Hujakwisha. Ila ukingoja, utakwisha na ile tisa yako, na hapo hata mimi sitakusamehe. Nililowa miaka miwili kwa ajili yake."

Hilkka akaacha uyoga, akaosha mikono, akaenda kuandika. Ilimchukua asubuhi yote. Taisto alipoiona haikuwa ndefu:

"Jina langu ni Hilkka, na Railo niliiandika mimi. Katika sehemu ya theluji kuna mstari usemao siku tisa. Nilijua sababu yake na sasa siijui, kwa kuwa nina ugonjwa wa kusahau, na hautapona. Madaftari tuliyachoma. Miaka mingi niliwajibu watu faraghani, kwa hiyo huenda mmoja wenu niliwahi kumweleza. Mwenye kujua naomba aseme hapa, mbele ya wote. Kama hayupo, pimeni upya. Msifute tu."

Kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha kutuma muda ambao Taisto aliweza kuweka kuni mbili jikoni na kurudi. Kisha akapiga moyo konde, akabonyeza.

Siku ile halikuja jibu. Wala ya pili. Hilkka alitembea mle nyumbani akigusa viti. Siku ya tatu Wiebren, mtu asiyejua kubembeleza, aliandika barazani mistari miwili: toleo jipya halitatoka mpaka swali la Hilkka lijibiwe, na mwenye haraka aandike programu yake. Halafu chini yake akaongeza kwamba yeye mwenyewe ana barua kumi na nne za Hilkka, na kwamba ni wajibu wake kuziombea ruhusa kabla ya kuzianika.

Hiyo ni adabu ya watu wale. Barua ya mtu faraghani haiwekwi hadharani bila idhini yake. Taisto, kwa vidole vyake viwili vya fundi, ndiye aliyejibu: leteni zote.

Zikaja. Mwalimu wa Estonia alileta ishirini, amezipanga kwa miaka. Mchungaji wa kulungu alileta moja tu, ambayo alikuwa ameichapisha na kuibandika ndani ya kibanda chake, akaipiga picha pamoja na madoa yake ya mafuta. Watu ambao majina yao hakuna aliyewahi kuyasikia barazani walijitokeza mmoja mmoja, kila mmoja na kipande chake, wengine wakishangaa kwamba swali lililowasumbua wao wenyewe mwaka mzima lilikuwa limejibiwa zamani kwa mwenzao wa ng'ambo. Wiebren alizipokea, akazipangia mahali, akaweka kila maelezo juu ya mstari wake. Hilkka mwanzoni alisoma kila moja. Zilipofika sitini akawa anachoka, na siku zake zikaanza kugawanyika, nzuri na mbaya, na mbaya zikaongezeka. Ya siku tisa ilikuwa haijaja. Ziwa likaanza kushika ngozi pembeni.

Ilikuja wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, kutoka kwa Gunvor Lindmark, yule mama wa Uswidi. Alikuwa amelazwa na nyonga mpya, hakufungua kompyuta wiki tano. Barua aliiweka nzima, ila kwa mazoea yake ya heshima alifuta jina la juu na la chini. Taisto aliisoma kwanza, amesimama.

Ilisema kwamba theluji nzito huisukuma barafu changa chini, maji yakapanda kwenye nyufa na kuilowesha theluji, ikawa uji. Juu ya uji hushika ngozi mpya. Keekee hupita ngozi, hupita uji, hupita barafu ya chini, na mwenye kupima akiona urefu wa tundu hudhani yote ni barafu. Ndivyo lilivyozama gari la posta. "Majira mawili tulitoboa kila asubuhi," iliendelea, "na mara tano theluji ya aina hiyo ilianguka. Siku ya sita uji ulikuwepo mara zote tano. Siku ya nane ulikuwepo mara mbili. Siku ya tisa haukuwepo hata mara moja. Kwa hiyo usikubali sita, hata wakikuzonga. Mume wangu alilowa mpaka magotini siku ya nane, akaninunia wiki nzima, na yeye ndiye ushahidi wangu bora."

Taisto alicheka, kicheko kikamkatika katikati. Akafuta uso kwa mkono wa shati.

Hilkka alikuwa karibu na dirisha, na siku ile haikuwa mojawapo ya zile nzuri. Asubuhi alikuwa amemuuliza Taisto mara tatu kama Aune wa posta ameshapita, na Aune alikuwa amezikwa miaka kumi. Hata hivyo Taisto alimpelekea kompyuta magotini. Kusoma alikuwa bado anasoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akarudi juu, akasoma tena, na uso wake ukakunjuka kama wa mtu aliyeona kazi safi ya fundi mwenzake.

"Huyu anajua," alisema. "Hakukisia. Amepima."

"Amepima, ndiyo," Taisto akasema.

"Ni nani?"

Taisto alitazama nje, kule ziwani. "Mtu wa huku huku kwetu."

Hilkka akatikisa kichwa, na sauti yake ikawa ile ya ofisini, ya kumrudi mtu bila kumuumiza.

"Mbona basi alimwandikia mtu mmoja? Jambo kubwa kama hili. Mwambie aseme mbele ya watu, asione haya. Akipotea yeye, nani atajua?"

"Nitamwambia," alisema Taisto.